Jarida Lisiloomba Radhi

Gundi ya unga wa ngano haina harufu mbaya. Muulize mtu yeyote, atakwambia inanukia uji uliosahauliwa jikoni, basi. Lakini juzi binti yangu Njeri alipoichemsha kwenye sufuria yangu nzuri, ile nisiyopenda iguswe, nilijikuta nimetoka nje, nimesimama karibu na tangi la maji huku nimejifunga leso mabegani, ingawa jua la Nakuru lilikuwa linachoma. Mwili ulikumbuka baridi kabla kichwa hakijakumbuka lolote. Wazazi wenzangu mnazijua shule za siku hizi: mwalimu anampa mtoto kazi, na anayeifanya ni mzazi. Safari hii walitakiwa kukata picha za viongozi kwenye magazeti na kuzibandika kwenye karatasi ngumu. Gundi ya dukani ilikuwa imekwisha, na baba yangu, ambaye anakaa nasi tangu mama afariki, ndiye aliyemwambia mjukuu wake achemshe unga.

Alisema hivyo kwa wepisi kabisa. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Baba alikuwa muuza magazeti. Meza yake ilikuwa mjini, upande wa stesheni ya reli, chini ya turubai lililofungwa kwenye ukuta wa duka la Mhindi mmoja mpole. Aliuza magazeti ya kila siku, vitabu vya shule, vitabu vya nyimbo za kanisa, jarida la ukulima, na jarida. Hilo la mwisho silitaji jina, na si kwa kuogopa. Kwetu halikuwa na jina. Mteja alikuja, akashika gazeti la michezo, akatazama kushoto na kulia, halafu akauliza, "Iko?" Baba, bila kuinua macho, alimchomolea jarida la ukulima, lile lenye ng'ombe wa gredi, wa maziwa, kwenye jalada. Jarida lenyewe lilikuwa limekunjwa humo ndani. Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wa Nakuru wanapenda ng'ombe kuliko watu wote duniani, hata mawakili wenye tai, hata mwalimu wetu wa hesabu ambaye alikuwa anakaa chumba kimoja na hakuwa hata na kuku.

Lilitoka kila mwezi na lilikuwa linawaandika wakubwa kwa majina yao kamili. Nani amejigawia shamba la umma, nani amekata msitu, nani amekula hela za hospitali. Magazeti mengine nayo yalijaribu, lakini wakubwa wakikasirika, kesho yake ungeona kisanduku kidogo kwenye kona: tunasikitika, habari yetu ilikosewa. Jarida halikuwahi kuweka kisanduku hicho. Halikuwahi kuomba radhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na sifa hiyo ilisafiri mpaka Salgaa, ambako madereva wa malori waliagiza nakala kwa baba na kwenda kuzisoma ng'ambo ya mpaka. Baba alianza kila mara na tahariri. Aliisoma kwa sauti mezani kabla ya chakula, mama akilalamika kwamba ugali unapoa, na akimaliza alilipiga jarida kwa kiganja na kusema, "Hawa hawarudii neno." Alilisema hilo kwa sauti ambayo wazazi wengine walitumia kusifu watoto wao. Nilikuwa na wivu na jarida, na sidhani lilikuwa kosa langu.

Kule Section 58 tulipokuwa tunaishi, watu walimsalimia baba kwa sauti ya chini. Walimpa mkono, wakaushika kidogo zaidi ya kawaida, kisha wakaenda zao haraka. Hakuna aliyekuja kukaa kwetu. Mimi nilifikiri ni kwa sababu viti vyetu vilikuwa vibaya.

Halafu wakaja watu wenye makoti mezani kwa baba, mchana kweupe, wakapakia kila kitu kwenye gari, pamoja na vitabu vya nyimbo. Baba akarudi nyumbani mapema, kalamu ikiwa sikioni. Baada ya muda akafungua tena, nao wakaja tena. Hayo yote niliyasikia nikiwa nimejifanya ninasoma. Nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa kitu kidogo sana: mwanamume aliyekuwa amesimama langoni mwa shule, akiwa na mandazi kwenye karatasi.

"Sasa, msichana," akaniambia. "Si wewe ni wa yule mzee wa magazeti? Shika, kula. Baba huwekanga mizigo wapi, kwa nyumba?"

Nilikimbia. Mandazi yalianguka kwenye vumbi na nikayasikitikia njia nzima. Nilipomsimulia baba, aliketi kitandani, akavua viatu, halafu akavivaa tena. Kesho yake asubuhi akaniambia kwamba nitaenda Dundori, kwa shosho, mama yake mzazi, nikae kidogo.

"Kidogo ni mpaka lini?"

"Mpaka mambo itulie."

Mama alibaki na kazi yake ya kiwandani na mdogo wangu ambaye alikuwa bado ananyonya. Alinifungia nguo kwenye mfuko, akanivalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine. Hakulia mbele yangu. Kwa hiyo mimi nikaamua kwamba nimefukuzwa.

Waliokulia kwenye baridi wanazijua nyumba za mabanzi. Zile mbao zenye magome zinapigiliwa misumari, zinakauka, zinaachana, na upepo wa Dundori unapita katikati yake unavyotaka. Dawa yake ni karatasi. Kila Disemba, kabla jamaa hawajaja, watu walichemsha gundi ya unga na kubandika karatasi mpya juu ya zile za zamani, mpaka kuta zikawa nene na zikatoa mlio zikigongwa. Wengine walibandika mifuko ya dawa ya mifugo, wengine magazeti. Shosho alikuwa na bahati, mtoto wake alikuwa muuza magazeti. Kwa miaka mingi baba alikuwa amempandishia yaliyobaki, na yaliyobaki mengi yalikuwa ya jarida, kwa sababu lile ni gazeti ambalo huwezi kumrudishia mtu ukisema halikununuliwa. Shosho hakujua kusoma. Alichagua upande wa kuangalia chumbani kwa picha tu. Akipata mtoto mnene au ng'ombe, alifurahi, na asipopata, alibandika vyovyote.

Ndiyo maana nilifungiwa ndani ya jarida. Sisemi kwa mafumbo. Shosho aliniambia nisivuke ua, na mtu akiuliza, mimi ni mtoto wa shangazi yangu wa Naivasha. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, lakini tungoje kwanza, alisema, watoto wana midomo. Asubuhi ukungu uliziba mlango. Mchana ukiondoka, ningeweza kusimama kwenye ua na kuliona ziwa kule chini kabisa, na kando yake mji, na mahali fulani ndani ya mji huo mama alikuwa anaosha vyombo. Kuona nyumbani na kutoweza kwenda ni kubaya zaidi kuliko kutoona. Nilirudi ndani. Ndani kulikuwa na jiko, moshi, gunia la viazi, kitanda cha shosho, na kuta nne zinazoongea.

Nilizisoma zote. Nilianza karibu na kitanda, nikazunguka, nikapanda juu ya gunia kufikia za juu, nikalala kifudifudi kusoma za chini. Maneno mengi sikuyaelewa, lakini hasira niliielewa. Kurasa zote zilikuwa zimekasirika. Na kulikuwa na mateso ambayo mtu anayesoma gazeti kwa kawaida hayajui: habari ikifika mahali pazuri, inakwambia inaendelea ukurasa wa nyuma, na ukurasa wa nyuma umegandishwa ukutani. Moja iliniuma kuliko zote. Ilikuwa ya barabara iliyolipiwa ikajengwa kwenye karatasi tu. Mwandishi alikwenda kuitafuta, akamuuliza mama mchunga mbuzi, akatembea porini mpaka akafika kwenye lango kubwa la chuma, lango likafunguliwa, na aliyesimama pale ndani alikuwa... inaendelea. Nilijaribu kuibandua kwa kucha. Shosho akanipiga kofi mkononi.

"Wewe, Wambui! Ukitoa hiyo, upepo itaingilia hapo mpaka tukufe."

Basi nikakaa na lango lililo wazi kila siku, bila kumjua aliye ndani.

Mtoto akiwa peke yake muda mrefu anapata falsafa. Yangu ilikuwa hii. Kwetu, ukimtukana mtu mzima ulifungiwa chumbani mpaka uombe msamaha. Jarida limewatukana watu wazima, tena wale wakubwa kabisa. Jarida haliombi msamaha. Kwa hiyo tumefungiwa, na mimi ndiye niliyepewa chumba. Ilikuwa wazi kabisa, na nilishangaa baba hakuliona. Kitu kilichohitajika ni wale watu kusema pole mara moja tu, nami nirudi Section 58. Shosho alipoombea chakula, akawaombea ng'ombe na mvua na wagonjwa, mimi nilifumba macho na kuongeza la kwangu kimyakimya: Mungu, wafanye waombe radhi. Sikutaka kitu kingine.

Chifu alikuja siku ya mvua. Alikuwa anapita boma kwa boma kutangaza chanjo ya ng'ombe, mvua ya mawe ikamkamata mbele ya lango letu, na chifu huwezi kumwacha alowe. Nilimwona shosho akiganda. Kisha akaanza kuhangaika na stuli, akaiweka huku, akaihamisha kule, akaiweka karibu na dirisha, akatafuta mahali ambapo mgeni atakaa asitazame ukuta. Nyumba ya kuta nne haina mahali hapo.

"Kaa hapa, Chifu. Hapo ulipo kuna baridi."

"Hapa ni sawa, mathe."

Alikuwa mtu mkubwa, sare yake ya kaki imebana tumboni. Alivua kofia, akaipangusa, akapokea chai, akainua macho. Nikamwona ameanza kusoma. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kitu, na hilo lilikuwa jema. Alisoma na kidole, mstari kwa mstari. Chai ikapoa. Shosho midomo yake ilikuwa inatembea, alikuwa anaomba. Mimi nilijua tunakwenda jela sote, na jambo lililoniumiza ni kwamba jela nayo ingekuwa mbali na nyumbani.

Mvua ilipopungua, Chifu alikuwa amepiga magoti. "Mathe," akasema bila kugeuka, "hii inaendelea wapi?"

"Gani, Chifu?"

"Hii ya barabara. Wameandika inaendelea."

"Iko nyuma," nikasema mimi, kwa sababu swali hilo nililijua. "Imegandishwa."

Akageuka akaniona. "Na huyu?"

"Wa msichana yangu wa Naivasha," shosho akasema.

Chifu akautazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama ukuta tena. "Huyu ni wa yule wa magazeti," akasema polepole. Akanyanyuka, akapangusa magoti. "Mimi siwezi onekana nikinunua hii kitu. Lakini ukuta sijanunua." Akacheka peke yake. Mlangoni akavaa kofia, na uso wake ukarudi kuwa wa chifu. "Mwambie huyo kijana yako asikuje huku kwanza. Nilishaambiwa nimwangalie. Akikuja nitaulizwa, na nikiulizwa nitasema."

Tangu siku hiyo akawa mgeni wetu. Alikuja baada ya maziwa kupelekwa, na kila mara alikuwa na sababu: chanjo, mbolea, mtu aliyepotelewa na kondoo. Kisha aliketi. Miwani alikuwa ameiacha ofisini, alisema, kwa hiyo mimi nilimsomea herufi ndogo. Nilisimama juu ya gunia la viazi na kumsomea tahariri za baba, kwa mtindo wa baba, nikitua pale baba alipokuwa anatua. Chifu alitikisa kichwa. "Hawa watu," alisema, "hawa watu hawaogopi." Alisema kwa huzuni kidogo. Nilimchukia sana. Alikuwa anakula viazi vyetu, anakunywa chai yetu, na kwa neno lake baba yangu alikuwa hawezi kuja kuniona. Lakini siku asipokuja, nilichungulia langoni kumtafuta. Hakukuwa na mtu mwingine.

Baba alikuja mchana. Nilimwona anapanda kilima katikati ya njia, hajajificha popote, mzigo wa magazeti begani umefungwa kwa kamba ya mkonge. Nilivuka ua bila ruhusa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda na alikuwa hajanyoa. Alinibeba kwa mkono mmoja ingawa nilikuwa nimekua, akanibeba mpaka ndani, akatua mzigo juu ya kitanda. Nilipolegeza kamba nikaona herufi zile zile nyekundu, jina lile lile, karatasi ile ile. Halikuwa limefunikwa na ng'ombe yeyote. Kwenye jalada kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye ukutani kwetu alikuwa amechorwa akiwa na tumbo kama la chura. Hapa alikuwa amevikwa shada la maua na anatabasamu. Nikafungua tahariri, kwa mazoea. Ilisema kwamba kwa muda mrefu jarida hili limekuwa likiwaumiza watu wanaolijenga taifa, na kwa hayo yote linaomba radhi.

"Baba!" nikapiga kelele. "Wameomba msamaha!"

Baba akalichukua jarida mkononi mwangu, akalifunga. "Umesoma vizuri," akasema.

Shosho akauliza kama wamepigwa.

"Hapana, mama. Wamenunuliwa." Akaeleza kwa ufupi: mwenye jarida ni mwingine sasa, mhariri ameondoka, hakuna anayejua ameenda wapi. Jina wameacha pale pale. "Ndio watu wasijue haraka," akasema.

Mimi sikuwa nasikiliza. "Sasa naweza kurudi nyumbani?"

"Ndio nimekuja kukuchukua."

Sitadanganya: nilikuwa na furaha. Nililia, nikazunguka nyumba mbio, nikamkumbatia ng'ombe wa shosho shingoni. Nilikuwa nimeomba na nimejibiwa. Nilitaka kumweleza baba kwamba ni mimi niliyepanga jambo hili lote, lakini niliporudi ndani nilimkuta amevua koti na kukunja mikono ya shati.

"Chemsha gundi, mama."

"Gundi? Si Disemba."

"Wewe chemsha tu."

Akaanza kuchana majalada ya zile nakala mpya, moja baada ya nyingine, akayapaka gundi na kuyabandika. Nilimsaidia kwa kumpokeza. Baada ya muda nikaona amekosea. Alikuwa anaipaka gundi ile picha ya mkubwa na kuibandika kwenye mbao, na upande unaoangalia chumbani ulikuwa tangazo la ndani ya jalada: dawa ya kupe. Kila jalada, tangazo lile lile. Dawa ya kupe kando ya dawa ya kupe, ukuta mzima.

"Baba, unaweka upande usio na picha."

Aliendelea kupaka. Ndipo kivuli kikaziba mlango, na Chifu akaingia akiwa amevaa kofia. Hao wawili sikuwahi kuwaona pamoja, na nikashikilia suruali ya baba kwa nguvu.

"Karibu nyumbani," Chifu akasema.

"Asante, Chifu."

Chifu akautazama ukuta mpya kwa muda. "Mbona mmeficha mkubwa? Hii mpya haina shida. Hata sisi tumeletewa, tuisome kwa baraza."

"Hii upande haidanganyi mtu, Chifu," baba akasema. "Dawa ya kupe ni dawa ya kupe."

Nilitegemea Chifu atacheka. Badala yake alivuta pumzi na kuketi kwenye stuli yake, akatazama mahali alipozoea kutazama. Baba alikuwa amefika hapo. Alikuwa amesimama mbele ya ile habari ya barabara, brashi mkononi, gundi inadondoka.

"Hiyo wacha," Chifu akasema.

Baba akaiacha. Shosho alileta chai lakini Chifu alisema ana haraka. Alitoka, na sikumwona tena. Nasikia hata shosho hakumwona ndani ya nyumba ile tena, ila barazani. Wakati huo niliamini amekasirika kwa sababu nimefunguliwa.

Nyumbani kulikuwa pale pale. Viti vile vile vibaya, mdogo wangu ameanza kutembea, mama amenipikia chapati kama mgeni. Lakini nilipokwenda mezani kwa baba Jumamosi, nikaona jarida jipya limetundikwa mbele kabisa, kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, usawa wa macho ya mpita njia. Wauzaji wengine wa mji, niliwasikia wakiongea, walikuwa wamekataa kulipokea. Waliurudisha mzigo na kamba zake. Baba peke yake ndiye aliyelitundika. Wateja wa zamani walikuja wakasimama. Hakuna aliyeuliza kama iko. Wakili mmoja alilishika, akalifungua, akalirudisha kwenye kamba taratibu. "Hata wewe, mzee?" akasema. Baba akamuuliza kama angependa gazeti la michezo.

Section 58 sasa walimsalimia kwa sauti kubwa, kubwa mno, wakiwa mbali. Mwenye nyumba alianza kumwita ndugu. Watoto wenzangu waliniambia baba yangu amekula, na sikujua amekula nini, kwa sababu kwetu hatukuona kitu. Wale watu wenye makoti walipita kila asubuhi, wakatazama kamba, wakaendelea na safari zao. Baba hakusoma tena mezani. Ugali ulikuwa unaliwa ukiwa moto. Alirudi, akala, akakaa akitazama mikono yake, na mimi niliyekuwa nimetaka nyumbani kwa roho yangu yote nilikaa mbele yake nikitaka kurudi juu ya lile gunia la viazi, ambako angalau sauti yake ilikuwa bado iko ukutani. Hakuna mlango uliokuwa umefungwa, na sikuwa na pa kwenda.

Nilipokua nikawa na maoni. Nilipokuwa sekondari nilimwona baba mtu wa biashara tu, aliyependa jarida lilipouzika na akalipenda lilipogeuka. Sikumwambia, lakini mtoto hamwambii mzazi, anamwonyesha. Jarida lenyewe lilikuja kufa bila mtu kuuliza. Jina tu ndilo lililobaki, na lilimbakia baba. Mpaka leo ni mzee wa jarida. Kwenye mazishi ya mama, mtu alimtambulisha hivyo kwa heshima, na mwingine akauliza kwa utani, "Ile ya kwanza, ama ile ya pili?" Watu wakacheka. Baba akacheka nao, huku anatazama viatu vyake.

Niliporudi kutoka tangini, gundi ilikuwa tayari na wawili hao walikuwa mezani, Njeri na mkasi, baba na miwani yake. Njeri alikuwa anamkabidhi picha moja moja, na yeye alikuwa anaigeuza kila moja na kusoma nyuma kwanza. Hufanya hivyo siku zote. Nilidhani ni uzee.

"Guka," Njeri akasema, "mum alisema kitambo ulikuwa unauza magazine ya kupinga serikali, alafu ukauza ya kuisifu. Na wengine walikataa. Mbona wewe hukukataa?"

Nilikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo nimkemee, kwa sababu kwetu swali hilo halikuwahi kuulizwa, lakini baba alikuwa tayari anajibu, kwa wepisi ule ule aliozungumzia unga.

"Nilikataa kwanza. Wale wa makoti wakanitafuta, wakasema, wewe weka hii mpya mbele, tuione kila siku tukipita, na hakuna mtu atakuja kusumbua familia yako."

"Na ukakubali? Hivyo tu?"

Baba akaichukua picha iliyokuwa mkononi mwake, akaigeuza, akailaza mbele ya mtoto uso chini.

"Mama yako alikuwa anataka kurudi nyumbani," akasema. Kisha akamsogezea sufuria. "Paka kidogo tu. Ukiweka mingi karatasi italoa."